Nyumba Waliyoikumbuka Mbwa

Kila siku baada ya sala ya alasiri, Mwanatabu binti Hamisi alichemsha maji nusu sufuria, akatia chumvi kijiko kimoja, akayaacha yapoe hadi yawe vuguvugu, kisha akawasafisha macho mbwa wawili waliokuwa wakilala nyuma ya jiko lake huko Likoni. Dume aliitwa Karani. Jike aliitwa Malkia. Macho yao yalikuwa meupe kama nyama ya dafu, na yalitoa tongo ambazo zisipofutwa zilikauka zikagandisha kope. Alipomaliza aliosha mikono mara saba, mara moja kwa mchanga, kama inavyompasa Mwislamu aliyeguswa na mate ya mbwa. Mchanga aliuchota kwenye kiwanja cha jirani. Kufikia mwezi wa Novemba vidole vyake vilikuwa vimepasuka, na chumvi ilimchoma yeye kuliko mbwa.

Mbwa hawakuwa wake. Walikuwa wa Achieng, fundi wa cherehani, aliyeitwa Mama Rispa kwa jina la bintiye, na wa mumewe Odera, fundi wa viatu. Watu hao walikaa ukuta kwa ukuta na Mwanatabu miaka kumi na minne. Achieng ndiye aliyeshona nguo ya harusi ya Mwanasaumu, binti wa pekee wa Mwanatabu. Mwanatabu ndiye aliyempokea Rispa mikononi alipozaliwa, maana mkunga alikuwa ng'ambo na feri imeharibika.

Agosti ya mwaka wa tisini na saba vikaratasi vilibandikwa milangoni, vikiwataka watu wa bara warudi kwao. Fujo zikaanza. Siku moto ulipofika mtaani, siku ya Jumatano, alasiri, Achieng na Rispa walikuwa wamekwisha kukimbilia uwanja wa kanisa. Odera alirudi nyumbani kuwachukua mbwa. Hakuonekana tena. Nyumba iliungua yote, na mbwa walisimama mbele ya mlango wakiubwekea, hawakurudi nyuma hata hatua moja, na moto ulipozimika macho yao yalikuwa yameiva. Askari walikuja wakapekua majivu kwa fimbo, wakaandika kwamba Odera amesafiri. Achieng alimngoja mumewe uwanjani pa kanisa wiki tatu, kisha akapanda basi na mtoto, akaenda kwao Siaya.

Mbwa walibaki wamelala juu ya majivu. Mwanatabu aliwapelekea maji. Siku ya tano wakamfuata nyumbani.

Kuishi na mbwa vipofu alijifunza mwenyewe. Alijifunza kutohamisha kitu: mtungi ukae palepale, kinu palepale, bakuli la makombo palepale, kwa sababu mbwa kipofu hutembea kwa hesabu ya nyayo, na ukimsogezea kinu umemsogezea dunia. Alijifunza kusema kabla ya kugusa. Aliifunga kamba ya mkonge shingoni mwa Karani, na Malkia akamfuata Karani kwa pua. Watu walioamkia vitumbua alivyouza wakahamia kwa mwanamke mwingine, wakisema hawali chakula cha nyumba yenye mbwa. Mwanasaumu, aliyekuwa ameolewa Junda, alikuja kumsihi awafukuze.

"Mama, watu wanasema."

"Waache waseme. Mbwa hawana macho."

"Na wewe una nini nao?"

Mwanatabu aliendelea kuhesabu kwa midomo. Alikuwa akiosha mikono, amefika mara ya tano, akaogopa kupoteza hesabu.

Oktoba ikaleta mvua ambazo watu waliziita Elnino. Zilinyesha wiki baada ya wiki, vyoo vikafurika, barabara zikakatika. Siku moja Mwanatabu aliwakosa mbwa nyuma ya jiko, akatoka na mwavuli kuwatafuta. Aliwakuta kwenye kiwanja chao, wamejikunja katikati ya majivu, wakavu. Mvua ilipofika kimo cha paa juu yao iligawanyika, ikateremka pembeni katika mistari minne, kama inavyoteremka michirizini. Dhahabu, jirani wa upande wa pili, alikuwa ameshapanga ndoo zake kwenye mstari mmoja.

"Maji ya paa ni masafi kuliko ya kisima siku hizi," alisema Dhahabu, akaendelea kupanga.

Tangu hapo Mwanatabu aliwaangalia zaidi. Aliona kwamba mbwa wakiingia kiwanjani hawakukata katikati. Walizunguka hadi mahali palipokuwa na mlango, wakainua miguu kuvuka kizingiti ambacho hakikuwapo, ndipo wakaingia. Mara moja Malkia alikuja mbio akapotea njia kidogo, akajigonga hewani, akatoka damu puani. Mwanatabu alimfuta damu akampapasa. Palipo na ukuta pana ukuta.

Mwezi wa Novemba aliishika kamba ya Karani akaenda naye. Karani alipoinua mguu, naye akainua wake. Wakaingia.

Ndani palinuka ngozi na gundi. Cherehani ilikuwa pembeni, imefunikwa kitambaa cha maua. Odera alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, kiatu cha mtoto kimebanwa magotini, anagonga msumari.

"Hodi, Baba Rispa."

"Karibu, Mama Saumu. Kaa. Hicho kiti angalia, mguu umelegea."

Mwanatabu akakaa kwa uangalifu. Mbwa walikwenda kulala miguuni pa bwana wao, na Odera akawakuna shingo bila kuinua macho.

"Mama Rispa na mtoto walifika?"

"Walifika salama. Wako kwenu Siaya."

"Vizuri." Akagonga msumari mwingine. "Na Boga bado yuko mlangoni?"

Boga alikuwa ndugu yake Mwanatabu, mdogo wake wa tumbo moja, fundi mwashi.

"Hayuko. Kwani alikuwa mlangoni?"

"Ndiye aliyetia komeo kwa nje. Nilimjua kwa kikohozi chake. Nikamwambia, Boga, ni mimi. Akasema, najua."

Mwanatabu aliitazama sakafu. Ilikuwa imefagiliwa.

"Nikakuita wewe," alisema Odera. "Dirisha lako lilikuwa wazi."

"Nilisikia."

"Likafungwa."

"Nililifunga mimi. Kisha nikaifungua redio."

Odera aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa ni saa ngapi. "Redio niliisikia," akasema. Akakigeuza kiatu akatazama soli yake.

Kabla hajaondoka Mwanatabu alimwomba atoke naye. Odera akasimama, akaishika kamba pamoja naye, wakaenda mpaka kizingitini. Mwanatabu na mbwa wakatoka. Alipogeuka alisikia nyundo ikigonga palepale kwenye kigoda.

Boga alikuwa amekwisha kukichukua kiwanja kile. Kesho yake Mwanatabu alimkuta huko, suruali imekunjwa magotini, anapima msingi kwa uzi na vigingi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Boga, wewe ndiye uliyetia komeo mlango wa Baba Rispa?"

Boga hakuacha kupima. "Ndiye. Walinipa kazi hiyo kwa kuwa mimi nauelewa mlango ule. Niliutia mimi mwenyewe." Akakohoa. "Nawe ulifunga dirisha."

"Nilifunga."

"Basi shika huku."

Alimpa ncha ya uzi. Mwanatabu aliipokea. Alisimama ameishika hadi Boga alipomaliza kupima upande ule, kisha wakapima upande wa pili. Aliporudi nyumbani aliosha mikono mara saba, ingawa siku hiyo hakuwa amemgusa mbwa.

Wiki hiyohiyo alikwenda kituo cha polisi kueleza. Alieleza komeo, na dirisha lake mwenyewe pia. Wakamletea afisa mmoja kijana, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni. Walipofika kiwanjani Mwanatabu akampa kamba. Afisa akaingia na mbwa, akakaa huko muda wa saa nzima. Alipotoka kisigino cha kiatu chake cha kushoto, kilichokuwa kimeng'oka, kilikuwa kimeshonwa.

"Fundi hodari," alisema.

"Amekwambia?"

"Ameniambia yote. Nimeandika." Akamwonyesha karatasi, imejaa mwandiko mzuri. "Tatizo ni moja, mama. Mlalamikaji hana kitambulisho. Anasema kiliungua. Bila kitambulisho siwezi kuthibitisha kwamba ndiye."

"Na mimi? Mimi ninamjua miaka kumi na minne. Na mimi nimekiri langu."

"Kufunga dirisha si kosa, mama. Dirisha ni lako."

Faili likafunguliwa, likapewa nambari. Afisa akahamishiwa kituo kingine. Mwanatabu alipokwenda kuuliza aliambiwa faili lipo, na kweli lilikuwapo, alionyeshwa.

Nyumba ya Boga ilikwisha mwezi wa Machi, nyumba nzuri ya mawe na mabati. Ule mlango wa Odera usioonekana uliangukia kwenye ukuta wa sebule, kati ya kabati la vyombo na kalenda. Basi kila siku Mwanatabu na mbwa walipiga hodi, wakakaribishwa, wakakatisha sebule na kupenya ukutani, yeye ameshika kamba kwa mkono mmoja na sahani ya chakula cha Odera kwa mkono wa pili. Mwanarehema, mke wa Boga, hakuwa na neno. Aliomba tu wapite kabla hajapiga deki, na mvua ikinyesha Mwanatabu awafute mbwa miguu. Boga akiwapo alinyanyua miguu yake kuwapisha.

Odera alikula. Sahani zilirudi tupu. Alipenda mbaazi za nazi, na kahawa chungu isiyo na tangawizi. Kwa muda mrefu hawakuzungumza juu ya Jumatano ile. Waliongea habari za ngozi, namna ilivyokuwa ghali siku hizi, na za mbwa.

Malkia alikufa mwezi wa Julai. Siku za mwisho hakuweza kusimama. Mwanatabu alimlisha uji kwa vidole, akamgeuza kila saa asiote vidonda, akamtandikia kanga yake kuukuu. Alimchimbia kaburi nyuma ya jiko kwa jembe la mkono, akapumzika mara nyingi, maana alikuwa mtu wa miaka hamsini na sita na kifua si kizima.

"Wa pili yuko wapi?" aliuliza Odera.

"Amekufa jana."

Odera aliweka nyundo chini. Ilikuwa mara ya kwanza Mwanatabu kumwona bila kitu mkononi. "Nilikuja kuwachukua," akasema. "Nilikuwa nimeshamfungua Karani, nimemtoa nje. Na yeye nikamtoa. Nikarudi mara moja kufunika cherehani, moshi usiharibu kitambaa cha mtu." Akaiokota nyundo.

Achieng alikuja mwezi wa Desemba, shule zilipofungwa. Mwanatabu alikuwa amempelekea barua kumweleza habari za Odera na kamba, ameandikiwa na Mwanasaumu. Alikuja peke yake, amekonda, amebeba kikapu, na ndani ya kikapu viatu vya shule vya Rispa vilivyopasuka soli. Alifikia kwa Mwanatabu. Alimkuta Karani amelala karibu na mtungi. Mbwa alinusa hewa, akasimama akitetemeka mwili mzima, akamwendea moja kwa moja bila kuhesabu nyayo, akagonga kinu, akaanguka, akainuka, akafika. Achieng aliketi chini mchangani akamkumbatia. Walikaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Mwanatabu aliwasha moto wa pili. Kisha akaketi chini mbele yake, akasema:

"Mama Rispa, kabla sijakupa kamba nina neno. Siku ile aliniita. Nilimsikia sawasawa. Nikafunga dirisha, nikafungua redio."

Achieng aliendelea kumkuna mbwa. "Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Walikuwa ndugu zako."

"Ndicho nilichoogopa."

Achieng akanyoosha mkono. "Nipe kamba," akasema.

Mwanatabu alimfikisha mpaka sebuleni kwa Boga. Boga alikuwapo, anakunywa chai. Alimwamkia Achieng kwa heshima, akamuuliza habari za safari na hali ya mtoto. Achieng akajibu kwamba mtoto hajambo. Akapenya ukutani na mbwa wake na kikapu chake.

Alikaa huko tangu saa nane mchana hadi waadhini walipoadhini magharibi. Mwanatabu alimngoja barazani. Mwanarehema alimletea kiti. Sauti ya nyundo ilisikika kwa muda, kisha ikasikika cherehani, kisha hakikusikika kitu.

Achieng alitoka amevaa uso uleule alioingia nao. Viatu vya Rispa vilikuwa vimeshonwa na kupakwa rangi. Usiku ule alikula wali kidogo, akalala chumba kimoja na Mwanatabu, na Karani katikati yao. Asubuhi alifunga kikapu. Alikuwa ameuliza chumba cha kupanga kwa watu watatu mtaani. Hakuna aliyemkatalia. Mmoja alisema chumba kimevuja, wa pili alisema ana mgeni anakuja, wa tatu alimwambia ngoja kwanza uchaguzi upite, na uchaguzi ulikuwa umepita mwaka mzima.

"Mchukue Karani," alisema Mwanatabu. "Ni wako."

"Nikimchukua, nani atamfungulia Odera?" Achieng alijifunga leso kiunoni. "Nakuachia mbwa. Usidhani nimekusamehe. Odera ameniambia nikusamehe. Nimemjibu, wewe samehe lako, langu niachie."

"Haya," alisema Mwanatabu.

"Macho ya mbwa unayasafisha kwa kitu gani?"

"Maji ya chumvi."

"Usizidishe chumvi. Yanamwasha."

Mwanatabu alimsindikiza hadi ferini, wakaagana kwa mikono. Achieng hakurudi tena.

Karani alizeeka upesi baada ya hapo. Mwendo wa nyumba kwa nyumba ulimchukua robo saa. Mwanatabu alimsubiri kila aliposimama, hakumvuta, aliongea naye tu, "Twende baba, tumekaribia, bado kidogo," na watu waliowapita walimwamkia Mwanatabu wakakwepa kamba.

Mwaka uliofuata jina la Boga lilitoka katika msafara wa Hija. Mtu anayekwenda Makka hutakiwa aombe radhi kwa kila aliyemkosea, na Boga alikuwa mtu wa kufuata utaratibu. Alizunguka mtaa mzima amevaa kofia mpya. Alimwomba radhi muuza mchanga, akamwomba Dhahabu kwa sababu ya mpaka wa uzio, akamwomba mkewe. Alikuja kwa dada yake.

"Nimekukosea lipi?" aliuliza Mwanatabu.

"Sijui. Lolote."

"Nenda kwa uliyemkosea."

"Huko nitakwenda mwisho," alisema Boga. "Si hapo ukutani tu?"

Siku mbili kabla ya msafara, Mwanasaumu alijifungua. Mwanatabu akaamkia Junda kumtazama mjukuu, akamwacha Karani kivulini karibu na mtungi, chakula na maji mahali pake. Alirudi kabla ya magharibi. Karani hakuwapo, wala kamba haikuwapo.

Alimkuta Boga sebuleni, amekaa kitini, paji la uso limevimba. Mwanarehema anamkanda kwa kitambaa cha maji baridi.

"Nilimchukua mara moja tu," alisema Boga. "Aliinua mguu, nikainua mguu. Yeye akapita. Mimi nikajigonga." Alikohoa. "Nikajaribu tena. Nikasema, Odera, ni mimi. Akasema, najua."

"Halafu?"

"Halafu akaendelea na nyundo yake, nikawa nasikia anagonga tu. Nikamwomba radhi hapa hapa, kwa sauti, Mwanarehema shahidi. Nikaivuta kamba mbwa atoke. Hakutoka."

Kati ya kabati na kalenda, kimo cha shingo ya mbwa, kamba ya mkonge ilikuwa imechomoza kutoka kwenye plasta, urefu wa dhiraa mbili, ncha yake imelala sakafuni. Plasta haikuwa na ufa. Mwanatabu akaketi chini akaishika. Alisema jina la mbwa. Alisema, "Twende baba." Kamba ilikaza kidogo mkononi mwake, ikalegea. Aliweka paji la uso ukutani, ukuta ulikuwa wa baridi na mgumu, ukuta wa fundi aliyejua kazi yake. Alikaa hapo mpaka Mwanarehema alipowasha taa akamwambia, dada, sala inapita.

Boga alikwenda Makka, akarudi salama. Watu walimpokea kwa dufu, sebule ikajaa, wakamwita Haji tangu siku ile. Alisema huko alimwombea kila mtu kwa jina, pamoja na Odera, na watu wakaitikia amin. Alikuwa amejaribu kuikata kamba kabla ya kusafiri, lakini asubuhi ilikuwa na urefu uleule, basi akaiacha. Sasa alikuwa ameifunga fundo, na kwenye fundo ametundika kanzu yake nyeupe ya Ijumaa.

Mwanatabu alikuwa akimimina kahawa. Mgeni mmoja kutoka Changamwe aliiona kanzu ikitikisika, na madirisha yalikuwa yamefungwa.

"Nini kile, Haji?"

"Mbwa," alisema Boga.

"Ahaa," alisema mgeni, akasogeza sahani ya tende karibu yake.

Kanzu ikatikisika tena, mara mbili, kama mbwa anayesikia sauti anayoijua akataka kutoka. Mwanatabu aliweka birika chini. Alikwenda akaitungua kanzu, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kabati, akaishika kamba. Ilivutwa. Naye akavuta. Ilivutwa tena. Wageni walimngoja kwa adabu, vikombe mkononi. Alipoona hapatoki kitu aliitundika kanzu palepale, akachukua birika, akaendelea kumimina kutoka alipoachia.